Mshipi Mkavu: Kambi ya Familia Olorgesailie na Magadi



Ukurasa huu wa safari umezoea kutupeleka Lamu, Siyu, Gede na Kilwa, mahali ambapo msomaji wetu, hata kama hajafika, hakosi jamaa aliyezaliwa huko. Wiki hii naomba idhini tupande bara hadi Kajiado, nchi ya vumbi na miiba, tukalale katika kambi iliyo wazi kwa watu wote. Mimi nilimchukua baba yangu mzazi. Yeye alichukua mshipi wa kuvulia.

Baba ni mvuvi wa Takaungu. Ametimiza miaka 76, na kwa zaidi ya 50 kati ya hiyo amekula kutokana na bahari. Hivi sasa macho yake yamepungua nuru na haendi tena nje ya mwamba. Kitengela hakuwahi kukanyaga, ijapokuwa kaka yangu mkubwa anaishi huko na mkewe na watoto wao, mwaka wa 11 huu. Sababu inajulikana na kila mtu katika familia yetu, wala haitajwi sinia likiwa limetandazwa. Baba alipougua alimkabidhi kaka mashua aisimamie. Kaka akaiuza, akaongeza akiba yake, akanunua ploti ya hamsini kwa mia Kitengela. Kaka alisema ruhusa aliipata. Baba alisema ruhusa aliyoitoa ilikuwa ya kuitengeneza. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kwa simu siku za Idi.

Aliyelilegeza fundo hili ni mjukuu wa miaka tisa. Alipiga simu mwenyewe: "Babu, mwalimu ametwambia jina la Kajiado limetokana na Olkejuado, na kwa Kimaasai maana yake ni mto mrefu. Baba atatupeleka kambini. Njoo utufunze kuvua." Baba alinirudishia simu, akatazama nje kwa muda, kisha akaniuliza, "Mto huo una samaki gani?" Nilijua ya kwamba Kajiado ni nchi kame na kwamba mito yake mingi huwa na maji wakati wa mvua tu. Sikumwambia. Nilitaka aende, na nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilinyamaza kwa makusudi.

Tulipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini, ile inayosimama vituo vya njiani, kwa kuwa ndiyo inayoshusha abiria Athi River, jirani na Kitengela. Tulikuwa na mahamri na mbaazi, chupa mbili za chai ya tangawizi, na kikapu cha ukindu ambacho baba hakukubali kukiweka juu ya rafu. Ndani yake mlikuwa na uzi uliozungushwa kwenye kijiti cha mkoko, ndoana za aina tatu zilizofungwa kitambaani, na chubwi nne za risasi.

Kitengela si mahali pa kumpendeza mgeni siku ya kwanza. Ni mji uliopanda kwa haraka kando ya barabara ya Namanga: malori ya saruji, bodaboda, maduka ya mabati na vioo, ghorofa ambazo hazijapakwa chokaa na tayari zina wapangaji. Lakini adhana ya alasiri ilitufikia tukiwa bado ndani ya gari, na baba, ambaye hakuwa amesema neno tangu kituoni, alisema, "Kumbe wapo." Wajukuu walitoka mbio wakambusu mkono. Kaka alikuja nyuma yao, akainama, akaubusu pia. Baba alimwachia mkono wake kwa muda mfupi sana.

Jioni ile kaka alitutembeza mpaka mwisho wa mtaa, penye ua wa waya, ng'ambo yake uwanda wa nyasi. Akatueleza kwamba zamani, mvua zilipoanza, nyumbu na punda milia walikuwa wakitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 na kuachwa bila ua upande wa kusini, wakashuka kwa maelfu kwenye nyanda hizi kuzaa na kulisha. Ploti zilipokatwa na nyaya kutandazwa, njia zikazibwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa Wamaasai wenye ardhi ili waiache wazi, na sehemu fulani zikasalimika. Lakini upande huu mji umekwisha kula. Baba alisikiliza, akaushika waya. "Kwa hiyo umejenga kwenye mkondo," akamwambia kaka. Mvuvi husema hivyo kwa mtu aliyetega mtego wake mahali samaki wanapopita, na ni sifa na lawama kwa pamoja. Kaka hakujibu.

Asubuhi tuliondoka watu sita. Kutoka Kitengela tulielekea kusini hadi Isinya, tukakata magharibi kwa barabara ya Kiserian, kisha tukaingia barabara ya Magadi. Baada ya Kiserian kuna mahali paitwapo Corner Baridi, na jina lake ni kweli tupu: upepo wake unapenya kanzu. Kutoka hapo nchi huporomoka. Bonde la Ufa hufunguka chini yako, rangi ya kahawia juu ya kahawia, na kila kilomita unayoshuka huvua nguo moja. Tulipofika chini, baridi ilikuwa hadithi.

Olorgesailie iko kando ya barabara hiyo, kiasi cha kilomita 65 kusini magharibi ya Nairobi, chini ya mlima wa jina hilohilo. Pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Pana vibanda vichache vya kulala, uwanja wa kupiga hema, vyoo, na vivuli vya makuti. Duka la chakula halipo. Tulikuwa tumeonywa tubebe kila kitu, na hasa maji, nasi tukabeba: madumu matatu ya lita 20. Tulipofungua buti tulikuta moja limepasuka kwenye mashimo ya barabara na lita zake zote zimenyweshwa mazulia ya gari. Familia zenye nia ya kwenda zichukue funzo hili bila malipo: funga madumu yasigongane, na chukua moja zaidi ya unayodhani yatosha.

Wifi yangu akahesabu. Ya kunywa watu sita kwa siku mbili katika joto lile, na ya kupikia, yalikuwa yametosha kwa taabu. Ya udhu hayakubaki. Basi baba akasema tutatayamamu, akatutangulia hadi penye udongo safi.

Hapo ndipo yule mjukuu alipouliza ziwa liko wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana ubao wa makumbusho ulikuwa na picha ya ziwa kubwa la buluu lenye viboko. Kijana wa Kimaasai aliyepewa kazi ya kututembeza alicheka kwa upole akaonyesha chini ya miguu yetu. Hapa, alisema, ndipo ziwa lilipokuwa. Tabaka nyeupe tulizoziona kwenye kingo za makorongo, ambazo mimi nilidhani ni chokaa, ni mabaki ya mimea midogo mno ya majini isiyoonekana kwa jicho, iliyokufa ikatua chini kizazi baada ya kizazi hadi ikawa mwamba laini. Mimea ya namna hiyo haiishi pasipo maji. Ziwa lilijaa na kukauka mara nyingi, volkano zikalimwagia majivu, ardhi ikapasuka na kuinama, na mwisho maji yakaenda zake.

Baba alikuwa amekwisha piga viganja vyake juu ya udongo. Aliinua mikono akaitazama ile unga myeupe vidoleni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akapangusa uso.

Kwetu Takaungu kibla ni kaskazini barabara, kwa sababu tuko karibu mstari mmoja na Makka. Kajiado iko magharibi zaidi, kwa hivyo huna budi kuelekea mashariki kidogo ya kaskazini. Mpwa wangu alitafuta kwa simu. Baba alitazama jua na kivuli cha mti. Wakakubaliana, na kila mmoja akaona fahari. Tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kukusuru, mlima ukiwa nyuma yetu.

Habari ya mahali hapa ni ndefu, nami nitasema ninayoyajua. Mwaka 1919 mtaalamu wa miamba, J. W. Gregory, alipita akaona mawe yaliyochongwa. Wakati wa Vita vya Pili, Mary na Louis Leakey walianza kuchimba, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwa mateka wa vita wa Kiitaliano. Tangu 1947 pamehifadhiwa. Kuanzia miaka ya 1980 wataalamu wa Kenya wameshirikiana na wale wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani chini ya Rick Potts. Umri wanaoukadiria kwa tabaka za chini unazidi miaka milioni moja, na elimu yote iko kwa Mwenyezi Mungu. Kitu cha kutazama ni mashoka ya mawe. Yameachwa palepale yalipokutwa, mamia kwa mamia, nawe unayatazama kutoka juu ya daraja la mbao: yote ya umbo moja, mfano wa tone la maji lililobapwa, makali pande mbili. Karibu nayo wamekuta mifupa ya tembo aliyechinjwa kwa zana hizo kando ya maji. Katika tabaka za baadaye, za miaka laki tatu hivi iliyopita, kuna zana ndogo za jiwe jeusi la kioo ambalo halipatikani hapo karibu. Lililetwa kutoka mbali, makumi ya kilomita. Watu walikuwa wanabadilishana mali.

Mimi ni mwalimu, na mambo haya hunichukua. Baba alitaka kujua jambo jingine: kwa nini mashoka mengi namna ile yako mahali pamoja. Kijana akasema wataalamu wamelijadili sana. Baba akamwambia kwamba hata kwetu, penye diko, nanga za mawe na chubwi zilizopotea huwa chungu nzima, kwa sababu watu hurudi palepale miaka na miaka. Kijana aliuliza diko ni nini, na baba akamweleza habari za ufuo ambapo vyombo hushushia samaki. Wakaketi chini ya kivuli, Mmaasai akieleza jinsi ng'ombe walivyokufa katika ukame wa 2022, mvuvi akieleza jinsi samaki walivyopungua, nami nikawaacha.

Saa kumi na moja jioni joto lilipovunjika, baba aliufungua mshipi. Sikumwona alipoanza. Niliona watoto wamesimama safu moja ukingoni mwa uwanja wa hema, na baba mbele yao, amekunja kikoi, akizungusha chubwi kwa mkono wa kulia kama afanyavyo akiwa omoni. Akauachia uzi. Chubwi iliruka juu ya nyasi kavu, ikaanguka mbali ikitoa vumbi dogo. "Usiutupe kwa nguvu," akawaambia. "Utupe kwa mkono uliolegea. Sasa uvute polepole, kidole kiusikilize uzi. Samaki akigonga hutamwona, utamsikia kidoleni." Ndoana alikuwa amezivua. Watoto walipokezana. Mlinzi wa kambi alikuja akasimama, akatazama watu wanaovua katika vumbi, akaondoka bila kuuliza.

Mjukuu wa tisa alirusha vibaya, uzi ukanasa katika mgunga na kujifunga miibani. Kaka aliondoka kwenye jiko akaenda kuunasua. "Usiukate," baba akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia siku ile bila kupitishia kwangu. Kaka aliurudisha ukiwa tonge, akaketi juu ya mkeka karibu na baba, wakaanza kuufumua, mmoja akishika, mwingine akipitisha. Giza likaingia. Nikawawashia tochi, nikajifanya nasonga ugali.

Baada ya kitambo nilimsikia baba. "Yule aliyeinunua, anaipaka sifa?"

"Anapaka. Kila nikija pwani huenda Mtwapa kuitazama. Mwaka jana wameipiga rangi."

"Rangi gani?"

"Kijani."

Baba alivuta uzi kidogo, akaulegeza tena. "Kijani hakiifai mashua ile," akasema. Hawakuzungumza zaidi ya hapo, na kuufumua mshipi kuliwachukua karibu saa nzima.

Usiku wa Olorgesailie hauna taa ya jirani. Nyota zilikuwa chini mno. Fisi alilia upande wa korongo, akajibiwa, na wifi akaingiza watoto hemani kwa haraka. Kwa wenye kuhofia: kambi ina mlinzi, nasi hatukupata dhara. Ila kung'uteni viatu asubuhi kabla ya kuvivaa, kwa sababu ya nge.

Siku ya pili tulikwenda Magadi, mwendo usiofika kilomita 50, na kila dakika joto likaongezeka. Neno hili magadi mama zetu walilijua jikoni kabla ya kulijua ramanini. Ni lile lile la kulainishia kunde na maharage. Lakini kuliona ziwa zima la magadi ni jambo jingine. Ni nyeupe, mahali pengine waridi, limeganda kama mkate wa sinia uliopasuka juu. Halina mto wa kulitoa maji. Chemchemi za moto za chumvi huliingizia, jua huyanyonya, magadi hubaki. Kampuni ya kuyachimba ilianza mwaka 1911, na reli yake ikaunganishwa na ile kubwa pale Konza. Baba aliyatambua mabehewa. Ujanani amewahi kufanya kibarua bandarini Mombasa, na ule unga aliupakia melini bila ya kujua unatoka wapi. Vioo vya madirisha hutengenezwa kwa unga huo.

Chemchemi ziko upande wa kusini, baada ya kuvuka njia iliyoinuliwa juu ya magadi na kupita ardhi isiyo na barabara ya haja. Pana wanawake wa Kimaasai wanaouza shanga, nao wanajua ni bwawa gani la kuogea na ni lipi la kumchubua mtu ngozi; wasikilizeni. Maji hufuka mvuke. Na ndani yake, kwenye kina cha goti, tukawaona samaki.

Mjukuu alipiga kelele. Kisha akauliza, kwa uzito kabisa, kama wamekwisha iva.

Ni jamii ya perege, wengi hawazidi kidole. Wataalamu huwaita Alcolapia grahami. Wanaishi katika maji yanayozidi nyuzi 40 za joto, makali kama sabuni ya kufulia, penye hewa haba, na wanakula ukoga unaoota juu ya mawe. Samaki wengine hutoa uchafu wa mwili kwa njia ya amonia kupitia mashavu. Katika maji ya Magadi amonia haitoki, ingewaua. Hawa wameumbwa kuigeuza iwe urea, kama afanyavyo mwanadamu. Jike hubeba mayai na watoto kinywani. Katika karne iliyopita walichukuliwa wengine wakapelekwa ziwa Nakuru wale viluwiluwi vya mbu, wakastawi, na mwari wakawafuata huko kwa wingi.

Baba alitaka kuwaona. Kaka alimshika mkono wakashuka hadi ukingoni, akachutama, akatia kidole majini, akakitoa upesi. Watoto walimletea kikapu. Wenyeji walituambia hakuna anayewavua. Wamaasai kwa desturi samaki hawali, na hao wadogo hawamtoshi mtu. Nilingoja aseme jambo juu ya mto mrefu na juu ya mimi niliyejua nikanyamaza. Alikirudisha kikapu kwa mjukuu bila kukifungua.

"Wanakula nini?" akauliza. Nikamwambia. "Na wakipatwa na kiangazi?" Nikamwambia chemchemi hazikauki. Alikaa pale mpaka mguu ukamfa ganzi, akimtaka kaka amwambie wanavyokwenda: wako wangapi, wanaelekea wapi, wanakimbia kivuli au wanakifuata. Kaka alimweleza yote, kwa maneno ya kazi aliyofundishwa na baba mwenyewe, ambayo kwa miaka 11 sikuwa nimeyasikia kinywani mwake.

Tulirudi Kitengela usiku, watoto wamelala mmoja juu ya mwingine. Baba alikaa siku nne zaidi kuliko tulivyopanga. Mshipi ulibaki kule, umening'inizwa kwenye msumari wa barazani, pamoja na ndoana zake. Kuhusu likizo ya Desemba, kaka amesema atawaleta watoto Takaungu; baba amesema dau la jirani linaazimika, ila si siku za bamvua.

Katika treni ya kurudi nilidhani amelala. Tulipokaribia Voi alifungua macho.

"Lile ziwa la mwanzo," akasema, "lililokauka. Kina chake kilikuwa pima ngapi?"

Nikamwambia nitauliza.